Una Marson: Sauti ya Karibiani Iliyovuka Bahari

Utangulizi

Fasihi ya Karibiani inapotajwa katika kumbi za mihadhara za Afrika Mashariki, majina yanayotangulia ni yale yale: George Lamming, Derek Walcott, V.S. Naipaul, Samuel Selvon na Kamau Brathwaite. Ni nadra kusikia likitajwa jina la mwanamke aliyeandaa jukwaa ambalo wengi wa waandishi hao walipandia wakiwa bado wanagenzi. Gogo haliendi ila kwa nyenzo. Waandishi hao walikuwa na vipaji, lakini nyenzo iliyozisukuma kazi zao kutoka kisiwa kimoja hadi kingine ilikuwa kipindi cha redio, na aliyekiasisi kipindi hicho ni Una Marson wa Jamaica.

Makala haya yanamulika maisha ya mshairi huyo, mwandishi wa tamthilia, mwanahabari na mtangazaji, tangu alipozaliwa mwaka 1905 hadi alipoaga dunia mwaka 1965. Suala kuu linalojitokeza katika maisha yake linawahusu pia wapenzi wa Kiswahili: nani ana haki ya kusikika, na asikike kwa lugha gani? Swali hilo Marson aliliishi kabla ya kuliandikia, na gharama ya kulijibu ilimwelemea.

Malezi na elimu

Una Maud Victoria Marson alizaliwa tarehe 6 Februari 1905 katika kijiji cha Sharon, karibu na mji wa Santa Cruz, jimbo la St Elizabeth nchini Jamaica. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto sita. Baba yake, Mchungaji Solomon Isaac Marson, alikuwa mhubiri wa kanisa la Kibaptisti na mtu wa kuheshimika sana katika eneo lile. Mama yake aliitwa Ada. Nyumba ya mchungaji ilikuwa nyumba ya vitabu, nyimbo za ibada na nidhamu kali, na humo ndimo binti huyo alimoanza kuipenda lugha.

Jamaica ya wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza. Watumwa wa visiwa hivyo walikuwa wamepata uhuru kamili mwaka 1838, miaka 67 tu kabla ya Una kuzaliwa, na matabaka yaliyosukwa na utumwa yalikuwa yangali imara. Weupe walikuwa kileleni, machotara katikati, na weusi, ambao ndio waliokuwa wengi, chini kabisa. Rangi ya ngozi iliamua kazi, ndoa na hata kiti ambacho mtu angekalia kanisani. Una alikuwa mweusi. Kuwa binti wa mchungaji kulimpa heshima kijijini, lakini hakukumwondoa katika hesabu hiyo ya rangi.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi alijiunga na Hampton, shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa huko Malvern. Wanafunzi wengi wa Hampton walitoka katika familia za Wazungu na za machotara wenye uwezo. Mtoto mweusi katika shule kama hiyo alijifunza mambo mawili kwa mpigo: ushairi wa Kiingereza na mahali pake duniani kwa mujibu wa wenye shule. Mwaka 1915 baba yake alifariki, na familia ikatumbukia katika dhiki ya fedha na kulazimika kuhamia Kingston. Una alikamilisha masomo ya Hampton lakini hakuendelea na elimu ya juu. Elimu iliyofuata aliitafuta mwenyewe, vitabuni na kazini.

Mwanahabari na mhariri

Jijini Kingston alifanya kazi za kujitolea za kuwasaidia maskini, na akajipatia riziki kwa ujuzi wa ukatibu: kupiga chapa na kuandika hati mkato. Kazi hizo ndizo zilizokuwa mlango mpya kwa wasichana wa Jamaica waliosoma, nazo zilimfunza jinsi ofisi za wanaume zilivyoendeshwa. Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa mhariri msaidizi wa jarida la siasa lililoitwa Jamaica Critic. Huko alijifunza uhariri, na alipoona ameiva hakutaka tena kuwa msaidizi wa mtu.

Mwaka 1928 alianzisha jarida lake mwenyewe, The Cosmopolitan, akawa mwanamke wa kwanza wa Jamaica kuwa mhariri na mchapishaji wa jarida. Hapo alikuwa na umri wa miaka 23. Jarida hilo lilikuwa pia chombo cha chama cha makatibu wa hati mkato, na kwa hiyo wasomaji wake wa kwanza walikuwa wanawake wafanyakazi. Liliwahimiza wanawake wajitegemee na washiriki siasa, likatetea haki za wafanyakazi, na wakati huo huo likachapisha mashairi na hadithi za wenyeji. Tabia iliyomtambulisha Marson maisha yake yote ilijidhihirisha papo hapo: kila alipopata nafasi ya kusema, aliwafungulia na wengine. Hata hivyo, jarida halilishwi kwa nia njema pekee. Mwaka 1931 The Cosmopolitan lilikoma kwa ukosefu wa fedha.

Kabla ya hapo, mwaka 1930, alikuwa ametoa diwani yake ya kwanza, Tropic Reveries, iliyomletea nishani ya Musgrave ya Taasisi ya Jamaica. Mwaka 1931 aliifuatishia diwani ya pili, Heights and Depths. Mashairi ya diwani hizo yanahusu mapenzi na maumbile, na mengi yamefuata arudhi ya Kiingereza aliyofunzwa shuleni. Mhakiki anaweza kuyaona kuwa mashairi ya mwanafunzi mwaminifu. Lakini ndani yake zimo pia kejeli dhidi ya ndoa na dhidi ya mwanamke kufanywa pambo, kejeli zilizodokeza kwamba mwanafunzi huyu hangekaa kimya kwa muda mrefu.

Tamthilia yake ya kwanza, At What a Price, iliigizwa Kingston mwaka 1932. Inasimulia kisa cha msichana anayetoka mashambani kwenda Kingston kufanya kazi ya hati mkato, kisha akanaswa katika mapenzi ya mwajiri wake Mzungu. Hadhira iliipokea kwa shangwe, kwani kisa chenyewe kilikuwa kikitokea katika ofisi zao. Mwaka huo huo Marson alifunga virago akaabiri meli kuelekea Uingereza.

London kwa mara ya kwanza

Kama ilivyokuwa kwa wasomi wengi wa makoloni, Marson alikuwa amefunzwa kuiona London kuwa kitovu cha ustaarabu. Alipowasili alikuta milango imefungwa. Wenye nyumba hawakutaka wapangaji weusi, na ofisi hazikutaka katibu mweusi hata awe na ujuzi kiasi gani. Mwandishi aliyetuzwa kwao alijikuta akitazamwa barabarani kama kiroja.

Alipata hifadhi Peckham, kusini mwa London, nyumbani kwa Daktari Harold Moody. Moody, ambaye pia alikuwa Mjamaika, alikuwa ameasisi mwaka 1931 chama cha kutetea haki za watu weusi kilichoitwa League of Coloured Peoples. Marson alikitumikia chama hicho kama katibu bila ujira na akashiriki kuhariri jarida lake, The Keys. Nyumba ya Moody ilikuwa njia panda ya watu weusi waliopita London: wanafunzi, madaktari, wanasheria na wanasiasa kutoka Karibiani na Afrika. Hapo ndipo Marson, aliyekulia kisiwani, alipokutana na Afrika ana kwa ana.

Mwaka 1933 alichapisha katika The Keys shairi lililochukua tusi ambalo watu weusi walitupiwa mitaani na kulifanya anwani. Shairi hilo ni mpaka katika uandishi wake. Mwanafunzi mwaminifu wa arudhi alikuwa amepotea, na mahali pake palisimama mshairi mwenye hasira aliyezungumza kwa sauti yake mwenyewe. Mapema mwaka 1934 At What a Price iliigizwa katika ukumbi wa Scala jijini London, waigizaji wakiwa wanachama wa Moody. Ilikuwa miongoni mwa tamthilia za kwanza zilizoandikwa na kuigizwa na watu weusi wa makoloni kuonyeshwa katika ukumbi mkubwa wa jiji hilo.

Mwaka 1935 Marson alisafiri hadi Istanbul, Uturuki, kuhudhuria kongamano la muungano wa kimataifa wa wanawake. Huko alizungumza kama mwanamke mweusi mbele ya wajumbe waliozoea kujadili haki za wanawake bila kuwakumbuka wanawake wa makoloni. Baadaye mwaka huo alikwenda Geneva, yalikokuwa makao ya Shirikisho la Mataifa.

Kisha mwezi wa Oktoba 1935 jeshi la Italia likaivamia Ethiopia. Kwa watu weusi kote duniani, Ethiopia haikuwa nchi moja miongoni mwa nyingi. Ilikuwa ithibati kwamba Mwafrika aliweza kujitawala. London ilifurika mikutano ya kuitetea. Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi jijini humo, alikuwa katibu wa heshima wa chama cha marafiki wa Ethiopia kilichoongozwa na C.L.R. James wa Trinidad. Marson kwa upande wake alikwenda kufanya kazi katika ubalozi wa Ethiopia, chini ya balozi Workneh Eshete, ambaye Waingereza walimwita Dakta Martin. Mfalme Haile Selassie alipokwenda Geneva kulisihi Shirikisho la Mataifa, katika hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1936, Marson alikuwa miongoni mwa waliomtumikia kama katibu.

Ombi la mfalme liliangukia masikio yaliyotiwa pamba. Mataifa makubwa yaliiacha Ethiopia itwaliwe. Kwa Marson, aliyeyashuhudia hayo kwa karibu, pigo hilo halikuwa la kisiasa tu. Alikuwa amefanya kazi hadi kuchoka kabisa, na mwezi wa Septemba 1936 alirudi Jamaica akiwa amevunjika moyo.

Kurejea nyumbani

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Mwaka 1937 alitoa diwani ya tatu, The Moth and the Star. Ndani yake ameacha kumwiga mtu. Baadhi ya mashairi yametumia mahadhi ya bluzi ya Wamarekani weusi, na mengine yametumia patwa, lugha ya kila siku ya Wajamaika. Anaandika kuhusu nywele za kipilipili na kishawishi cha kuzichoma ili zinyooke, kuhusu mama mweusi anayehofia kumpeleka bintiye sinema kwa kuwa humo uzuri una rangi moja tu, na kuhusu mgeni mweusi anayetembea peke yake katika mitaa ya London.

Uamuzi wa kutumia patwa unastahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa isimujamii. Shuleni patwa ilihesabiwa kuwa Kiingereza kilichoharibika, na mtoto aliyeitumia darasani aliadhibiwa. Claude McKay alikuwa ameitumia katika ushairi mwaka 1912, lakini bado ilidhaniwa kuwa lugha ya mzaha. Marson aliipa huzuni, mashaka na fikra. Wasomaji wa Kenya waliosikia visa vya wanafunzi kuvishwa kidude shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama hawatahitaji kuelezwa uzito wa hatua hiyo.

Tamthilia zake mbili za kipindi hiki zinaendeleza hoja hiyo. London Calling, ya mwaka 1937, inawakejeli Waingereza wanaodhani kila mtu mweusi ni mshenzi wa porini: wanafunzi wa Karibiani walioko Uingereza wanajivika mavazi ya kubuni ili kuwapa wenyeji wao kile wanachotaka kukiona. Pocomania, iliyoigizwa mwaka 1938, inamhusu msichana wa tabaka la kati anayevutwa na ngoma za dini ya wenyeji yenye asili ya Kiafrika, dini ambayo wakubwa wa kisiwa waliionea haya. Kuzileta ngoma hizo katika ukumbi wa Kingston kulikuwa kuwaambia watazamaji kwamba kilichofichwa uani ni sehemu ya nyumba.

Mbali na uandishi, Marson alianzisha klabu za wasomaji, waandishi na waigizaji jijini Kingston, na akasaidia kuunda mfuko wa kuwasomesha watoto maskini uliojulikana kama Jamaica Save the Children. Ni kwa ajili ya mfuko huo alirudi London mwaka 1938 kutafuta michango. Mwaka huo huo migomo ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa na bandarini iliitikisa Jamaica, na serikali ya Uingereza ikaunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Lord Moyne. Marson alifika mbele ya tume hiyo kutoa ushahidi kuhusu hali ya wanawake na watoto.

Kwenye maikrofoni

Mwaka 1939 Marson alianza kupata vibarua katika Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, kupitia mtayarishaji Cecil Madden, aliyesimamia kipindi cha televisheni kilichoitwa Picture Page katika jumba la Alexandra. Kazi yake ilikuwa kutafuta watu wa kuhojiwa na kuandaa maswali. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka mwezi wa Septemba mwaka huo, televisheni ilizimwa. Redio ndiyo iliyobaki.

Vita vilibadilisha hesabu za watawala. Maelfu ya vijana wa Karibiani walijitolea kuingia katika jeshi, viwanda na kikosi cha wanahewa, na Uingereza ilihitaji kuwahakikishia wazazi wao kwamba watoto hawajasahauliwa. Ndipo kikawepo kipindi cha Calling the West Indies, kilichorushwa kwa masafa mafupi hadi visiwani. Jamaica yenyewe ilipata kituo chake cha kwanza cha redio, ZQI, mwishoni mwa mwaka 1939. Mwezi wa Machi 1941 Marson aliajiriwa rasmi kuwa msaidizi wa vipindi, na kufikia mwaka 1942 ndiye aliyekuwa mtayarishaji wa kipindi hicho. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushika kazi ya namna hiyo katika BBC.

Muundo wa kipindi ulikuwa rahisi. Wanajeshi waliletwa studioni, mmoja mmoja akasogea kwenye maikrofoni, akawasalimu mama, mke au ndugu, akasema yu mzima. Kila neno lilipitiwa kwanza na wakaguzi wa serikali ili adui asipate fununu. Mabomu yalikuwa yakiiangukia London, na mtangazaji alilazimika kuwatuliza vijana waliotetemeka, si kwa woga wa vita bali kwa kujua kwamba mama anasikiliza ng'ambo ya bahari. Huko visiwani redio zilikuwa chache, na majirani walikusanyika kwenye nyumba iliyokuwa nayo kungoja sauti ya mtoto wao. Sauti iliyowakaribisha ilikuwa ya mwanamke wa kwao.

Mwaka 1943 serikali ilitengeneza filamu fupi kuhusu kipindi hicho. Marson anaonekana humo akiwa mwenyeji, pamoja na mchezaji mashuhuri wa kriketi Learie Constantine na Ulric Cross, mwanahewa wa Trinidad ambaye miaka mingi baadaye alikuja Afrika Mashariki na kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania.

Katika mwaka wa 1942 alishiriki pia katika Voice, jarida la fasihi lililosomwa redioni kwa wasikilizaji wa India chini ya usimamizi wa George Orwell, aliyekuwa mwajiriwa wa BBC wakati huo. Picha moja ya studio hiyo imesambaa sana: Marson ameketi mezani katikati ya T.S. Eliot, Mulk Raj Anand na wenzao, huku Orwell na William Empson wamesimama nyuma. Picha hiyo hutumiwa mara nyingi kumweleza Orwell au Eliot. Kwa muda mrefu mwanamke mweusi aliyeketi kati yao alipitwa na macho bila kuulizwa ni nani.

Huenda majaribio hayo yalimchochea, maana tarehe 11 Machi 1943 alianzisha ndani ya kipindi chake sehemu ya fasihi iliyokuja kuitwa Caribbean Voices. Mashairi na hadithi za watu wa Karibiani zilisomwa London na kurejea visiwani kupitia hewani. Umuhimu wa jambo hili hauwezi kueleweka bila kukumbuka hali ya visiwa hivyo. Visiwa vilitenganishwa na bahari, na njia zote za mawasiliano zilikwenda London kabla ya kwenda kwa jirani. Mwandishi wa Barbados hakuwa na namna ya kumsoma mwenzake wa Jamaica. Wachapishaji walikuwa wachache mno. Isitoshe, msikilizaji aliyezoea kudhani kwamba fasihi ni kitu cha Kiingereza alisikia kwa mara ya kwanza lafudhi yake mwenyewe ikisomwa kwa heshima. Chombo kilichoundwa kuwafunga watu wa makoloni kwa uaminifu wa dola kikawa chombo cha kuwakutanisha wao kwa wao.

Gharama

Si busara kuyasimulia hayo kana kwamba yalikuwa harusi. Marson alifanya kazi katika taasisi iliyomhitaji na kumtilia shaka kwa pamoja. Baadhi ya maafisa walimlalamikia kuwa mkali na mgumu wa kushauriwa. Wapo Wazungu ambao hawakustahimili kuelekezwa na mwanamke mweusi, na wapo pia watu wa Karibiani walioona kwamba mwanamke huyo amejipandisha, na kwa kuwa kila kisiwa kilitaka kisikike zaidi ya kingine, lawama za Trinidad na Barbados ziliishia mezani kwa Mjamaika. Alikuwa kama mtu aliyesimama kwenye kizingiti: wa ndani wakimwona wa nje, wa nje wakimwona wa ndani.

Alifanya kazi usiku na mchana, akawahifadhi wanajeshi wapweke nyumbani kwake, akaendelea kuandika. Diwani yake ya nne, Towards the Stars, ilitoka mwaka 1945. Lakini mwili na akili vilikuwa vimefika ukomo. Alipatwa na maradhi ya akili, akalazwa hospitalini, na mwaka 1946 akarejeshwa Jamaica. Kazi yake katika BBC ikakoma hapo.

Caribbean Voices haikukoma. Mhariri Henry Swanzy alikipokea kipindi mwaka 1946 na kukiongoza kwa ustadi mkubwa hadi mwaka 1954, akiwalipa waandishi na kuwahakiki hewani. Baada yake alikuja V.S. Naipaul, kijana wa Trinidad aliyetokana na Wahindi waliopelekwa kisiwani humo kufanya kazi za mkataba katika mashamba ya miwa kuanzia mwaka 1845. Baba yake, Seepersad Naipaul, alikuwa miongoni mwa watu ambao hadithi zao zilisomwa kipindini. Samuel Selvon, naye Mtrinidad mwenye asili ya Kihindi, alisikika hapo kabla ya kutoa riwaya yake ya The Lonely Londoners mwaka 1956. Kwa hiyo jukwaa lililoanzishwa na binti wa mchungaji mweusi wa Jamaica liliwapa Wahindi wa Karibiani nafasi ya kujisimulia mbele ya majirani zao wa kila asili. Kipindi kilifungwa mwaka 1958, baada ya waandishi wapatao mia mbili kupitia humo.

Machweo

Alipopata nafuu, Marson hakukaa kitako. Mwaka 1949 alishiriki kuanzisha Pioneer Press, kitengo cha uchapishaji cha kampuni ya gazeti la Gleaner, kilichotoa vitabu vya bei nafuu vya waandishi wa Jamaica. Aliona kwamba sauti ya redioni hupotea hewani, nayo inahitaji karatasi ili idumu. Katika miaka ya 1950 aliishi kwa muda Washington, Marekani, akifunga ndoa na daktari wa meno aliyeitwa Peter Staples. Ndoa hiyo haikudumu. Ugonjwa wake nao ulikuwa ukimrudia mara kwa mara.

Alirejea Jamaica na kuendelea na kazi za ustawi wa jamii hadi siku zake za mwisho. Tarehe 6 Mei 1965 alifariki Kingston kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 60. Jamaica ilikuwa imepata uhuru tangu mwaka 1962. Watu aliowapigania walikuwa wamejipatia bendera na wimbo wa taifa, lakini wachache ndio waliokumbuka mchango wake.

Urithi

Usahaulifu huo ulidumu zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1998 Delia Jarrett-Macauley alichapisha tawasifa pana ya Marson iliyochimbua nyaraka na kumrudishia nafasi yake. Mwaka 2022 BBC yenyewe ilirusha filamu kuhusu maisha ya mtangazaji wake aliyesahauliwa. Tamthilia zilizokuwa zimebaki kama miswada zilifufuliwa na kusomwa upya. Wahakiki wa leo wanamtambua kuwa miongoni mwa washairi wa kwanza wa Karibiani kuunganisha suala la rangi na suala la jinsia bila kulifanya moja kuwa kijakazi wa jingine.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki urithi huo uko karibu kuliko unavyodhaniwa. Lamming, aliyesikika katika Caribbean Voices, aliandika In the Castle of My Skin mwaka 1953, riwaya iliyomwathiri kwa kina Ngũgĩ wa Thiong'o katika miaka yake ya ujana. Brathwaite, naye zao la kipindi hicho hicho, alikuja Nairobi na mwaka 1971 akapewa jina la Kamau na nyanya yake Ngũgĩ. Idhaa ya Kiswahili ya BBC nayo ilianza kurusha matangazo mwaka 1957, mwaka mmoja kabla ya Caribbean Voices kufungwa. Maikrofoni ya mkoloni iliyozungumza lugha ya msikilizaji ilikuwa jambo ambalo Marson alikuwa amelipigania miaka kumi na minne kabla.

Maisha ya Una Marson yanazua suala ambalo wanafunzi wa fasihi hulipuuza. Historia ya fasihi huandikwa kwa kuhesabu vitabu na tuzo, na kwa kipimo hicho diwani zake nne na tamthilia chache haziwezi kushindana na mafanikio ya Walcott au Naipaul, walioitwaa tuzo ya Nobel. Lakini fasihi ina watungaji na ina waitayarishao njia. Mhariri wa jarida linalokufa baada ya miaka mitatu, katibu asiyelipwa, mtangazaji anayemsogeza mwenzake kwenye maikrofoni kisha akarudi nyuma, wote hao ni sehemu ya historia hiyo, hata kama majina yao hayapo kwenye majalada ya vitabu. Ubora wa mzigo hausahaulishi mabega yaliyoubeba. Anayezisoma riwaya za Karibiani leo hana budi kumkumbuka mwanamke aliyeketi katika studio ya London wakati wa mabomu, akaamua kwamba baada ya salamu za wanajeshi kutabaki dakika chache za shairi.